Ndoto za Wanyama na Joto la Nyumbani: Namna ya Kuzisoma Hatua kwa Hatua

Swali huja kwa sura ileile kila mara: "Nimeota nyoka yuko chini ya kitanda, maana yake nini?" Mwingine ni ng'ombe mwenye mapembe aliyemkimbiza hadi mlangoni, mwingine ni mbwa wake mwenyewe kamgeuka. Swali likiishia hapo halina jibu la haki. Anayekujibu papo hapo kwamba nyoka ni adui hajui chumba unacholala wala unalala na nani. Hajui pia kwamba jana mlilala hamsemezani kwa sababu ya ada ya shule ya mtoto.

Mwongozo huu ni wa kazi moja: kutumia ndoto za wanyama kugundua joto la nyumbani, yaani msuguano ambao mchana watu wanaumeza. Hautabiri kesho na haumtaji mchawi. Katika kazi hii mnyama ndiye mwenye uzito mdogo kuliko wote wanavyodhani. Uzito uko kwenye alichofanya, mahali aliposimama ndani ya nyumba, na hali uliyoamka nayo.

Kabla hujaanza

Kama kuna mtu nyumbani anayekupiga, anayekutishia au anayemgusa mtoto vibaya, acha daftari la ndoto. Hapo hakuna cha kutafsiri. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji hapa Uganda) au kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Kwa dharura piga 999. Kwa mambo ya watoto kuna namba 116, ambayo haikatwi salio. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 haihesabu kipigo peke yake: matusi, vitisho na kunyimwa pesa za matumizi pia vimo.

Kama hali si hiyo, tafuta vitu hivi:

- Daftari moja la shule la kurasa 96. Simu haifai sana, kwa sababu ukiiwasha unakuta ujumbe, na ujumbe unafuta ndoto. Asiyependa kuandika ajirekodi sauti, ila azime intaneti kabla ya kulala.
- Kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari. Inaonekana jambo dogo mpaka siku unapoitafuta kalamu gizani na ndoto inapotea huku unapapasa.
- Mwanga mdogo. Simu ndogo yenye tochi inatosha, uelekeze ukutani.
- Mchoro wa nyumba kwenye ukurasa wa kwanza: milango, vitanda, jiko, choo, ua. Hata kama mnaishi chumba kimoja cha kupanga chenye pazia katikati, chora pazia.
- Orodha ya wote wanaolala hapo, kwa alama badala ya majina. Mgeni wa wiki mbili naye ni wa nyumbani, mwandike.
- Siku 14 mfululizo, na dakika 5 kila asubuhi.
- Mahali pa kuficha daftari. Likisomwa na mwenzako kabla hujamaliza, litazaa ugomvi mpya juu ya ule uliokuwa unautafuta.

Huhitaji kitabu cha maana za ndoto kwa herufi, na huhitaji kumlipa mtu.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza sababu za mwili

Ndoto kali nyingi hazina habari na nyumba kabisa. Kabla ya siku ya kwanza, pitia haya.

Homa, ya malaria au nyingine, huleta ndoto za kutisha na zilizovurugika. Ndoto za siku za homa usiziandike, na subiri siku 3 baada ya homa kuisha ndipo uanze.

Dawa. Efavirenz, ambayo ilikuwa kwenye vidonge vingi vya ARV, inajulikana kwa ndoto nzito zenye rangi. Dolutegravir nayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi mzuri. Propranolol ya presha, na mefloquine ambayo wasafiri hupewa kuzuia malaria, nazo zimo. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto! Muulize mhudumu wa kliniki kama saa ya kumeza inaweza kubadilishwa.

Pombe. Waragi ya jioni hukandamiza usingizi wa ndoto nusu ya kwanza ya usiku, kisha ndoto hurudi kwa fujo karibu na alfajiri. Usiku wa pombe uwekee alama ya P na usiuhesabu.

Sauti halisi. Mbwa wa jirani akibweka saa tisa usiku, mbwa wa ndoto yako ameingia kupitia dirishani. Vivyo hivyo panya darini na jogoo wa nyumba ya pili. Muulize aliyekuwa macho kama kulikuwa na kelele. Na kama nyoka wa kweli aliuawa uani wiki iliyopita, nyasi zilipokuwa ndefu baada ya mvua, ndoto ya nyoka ni kumbukumbu ya mshtuko. Fyeka nyasi, uendelee.

Hatua ya 2: Ikamate ndoto kabla hujasimama

Usingizi wa ndoto huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko ukija, sehemu ya ndoto hurefuka. Aserinsky na Kleitman walieleza usingizi huo wa macho yanayochezacheza mwaka 1953 kule Chicago, na mpaka leo ni nadharia yote utakayohitaji hapa: ndoto ndefu ziko karibu na alfajiri, kati ya saa tisa na saa kumi na mbili kwa anayelala saa nne.

Ukizinduka, usijigeuze. Kaa ulivyo, macho yamefumbwa, urudie ndoto kichwani kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kisha andika mistari 5 isiyozidi, kana kwamba inatokea sasa: "Ng'ombe yuko mlangoni. Ananusa viatu." Andika siku na saa.

Tahadhari: usiandike maana. Wanaoanza karibu wote huandika "nimeota adui anakuja" badala ya "nimeota mbwa mweusi amelala kwenye kiti cha baba." Mbwa mweusi kwenye kiti cha baba unaweza kumfanyia kazi, "adui" huwezi, kwa sababu tayari umeshahukumu.

Kwa Waislamu, adabu ya ndoto mbaya inajulikana: kuomba kinga, kutema kidogo kushoto mara tatu, kugeuka ubavu na kutomsimulia mtu. Fanya hivyo kwanza. Mlokole aombe kwanza. Daftari litasubiri dakika hizo mbili, ndiyo maana kalamu imefungwa uzi.

Hatua ya 3: Mweke mnyama kwenye mchoro wa nyumba

Weka alama pale aliposimama mnyama, na mshale kuonyesha alikoelekea. Kisha jibu maswali mawili.

Ni nyumba ipi? Kama ni ya sasa, endelea. Kama ni nyumba uliyokulia, huenda unachoota ni mtindo wa ugomvi uliouzoea utotoni na sasa umeurudia. Mtu aliyekulia kwa baba asiyesema wiki nzima akikasirika anaweza kumwota chui wa kijijini kwao siku mume wake aliponuna kwa saa mbili tu. Kununa ni kwa leo. Hofu ni ya zamani. Andika "NYUMBA YA ZAMANI" pembeni.

Ni chumba cha nani? Jikoni ni chakula na kazi. Kitandani ni mambo ya wawili. Mlangoni ni wanaoingia na kutoka: wageni, mashemeji, anayechelewa kurudi. Kitanda cha mtoto kinaeleweka chenyewe. Uani na shambani huhusu zaidi majirani, mipaka na ukoo. Huu si msahafu, ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Hatua ya 4: Toa vitenzi viwili

Kimoja cha mnyama, kingine chako. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: wanashika alichofanya mnyama na kusahau walichofanya wao. Nyoka alitambaa. Na wewe je? Ulikimbia, uliganda, ulimlisha, ulimfunika kwa shuka mgeni asimwone? Mwenye kumfunika nyoka kwa shuka ana siri ya nyumba anayoilinda, na anayeganda ana neno ambalo hajalisema. Mara nyingi kitenzi chako ndicho kinachokaa sawa na mambo ya mchana.

Vitenzi vya mnyama vinavyojirudia kwenye nyumba zenye joto ni vichache:

- Anakimbiza: kuna jambo unalikwepa, mara nyingi mazungumzo ya pesa.
- Amejificha na wewe pekee unajua: siri, deni, au uchunguzi wa chini kwa chini.
- Anakula cha nyumbani: matumizi, au mtu anayetumia bila kuchangia.
- Amelala mahali pa mtu: nafasi ya mtu huyo nyumbani imeyumba.
- Ameumia, na hakuna anayejali: kuna aliyechoka. Yaweza kuwa ni wewe.

Hatua ya 5: Pima hisia

Neno moja, na alama kutoka 0 mpaka 10. Andika hisia ya kuamka nayo, si ile unayodhani ungepaswa kuwa nayo. Mtu anaweza kumwota simba sebuleni akaamka na aibu, wala si hofu. Aibu 7 mbele ya simba inaeleza mengi kuliko simba mwenyewe. Andika pia ilipokaa mwilini: kifuani, tumboni, kwenye taya. Taya zinazouma asubuhi huweza kuwa ishara kwamba unasaga meno usiku, na kusaga meno huongezeka mtu anapokuwa na mkazo.

Ndoto iliyo chini ya 4 iache ipite.

Hatua ya 6: Muulize mnyama ni wa nani

Ng'ombe wa mtu wa Ankole, aliyekulia kati ya wale wenye mapembe marefu na akatolewa mahari ya ng'ombe, si ng'ombe wa kijana wa Namuwongo, mtaa wa Kampala, aliyewahi kukimbizwa na fahali karibu na machinjio. Kwa hiyo jaza mistari mitatu: mara ya mwisho ulimwona wapi kwa macho, nyumbani kwenu alisemwaje, ni muziro wa nani (muziro ni mnyama wa ukoo, ambaye wenye ukoo huo hawamli).

Hilo la muziro lina uzito Uganda. Kwa Baganda mtoto hufuata ukoo wa baba, na kwa kawaida watu wa ukoo mmoja hawaoani. Maana yake nyumba moja ina miziro miwili: wa mama peke yake, na wa baba pamoja na watoto. Mwanamke akiota tumbili wamejaa sebuleni na yeye hana pa kukaa, huku mume na watoto ni wa Nkima, swali la kwanza ni kama anajiona mgeni ndani ya nyumba yake. Anayetoka ukoo wa Mmamba akiota amepikiwa kamongo na kulazimishwa kula, aelekeze swali upande wa heshima: nani nyumbani anadharau kilicho chake? Na kama mnyama ni muziro wako, usimwite pepo kabla hujafikiri.

Kwa wengine, hapa kuna maswali ya kuanzia.

*Nyoka.* Huyu ndiye anayeleta matatizo, kwa sababu akili hukimbilia "kikulacho ki nguoni mwako", na kabla ya chai mtu ameshaamua ni wifi. Anza na mahali na kitenzi chako, jina la mtu lije mwisho kabisa, na mara nyingi halitahitajika. Swali: ni jambo gani nyumbani ninalolikanyaga kwa tahadhari?

*Mbwa.* Mbwa wa ndani anayekubwekea wewe: nani aliyepaswa kunijua ananitendea kama mgeni? Mbwa wa mtaani anayefuata nyuma ni habari nyingine, mara nyingi ni ya njiani.

*Siafu.* Wakiingia nyumbani usiku, watu wote hutoka nje na watoto mgongoni, kila mmoja akijikung'uta. Ndoto ya siafu mara nyingi ni ya mambo madogo mengi: sukari, zamu ya kuchota maji, chaji ya simu. Usitafute jambo moja kubwa, orodhesha madogo kumi.

*Kuku.* Kuku anayetagia nyumba ya jirani, au aliyeacha vifaranga. Swali ni nani anapeleka nguvu zake nje ya nyumba. Yaweza kuwa ni kazi tu.

*Panya.* Kwanza hakikisha hakuna panya. Wapo? Basi.

*Senene.* Wamejaa sebuleni kama Novemba, na hakuna anayetaka kukaa kunyonyoa mbawa. Hapo hakuna fumbo kubwa: ni mgawo wa kazi.

*Tembo, nyati, kiboko, mamba.* Anayelima karibu na hifadhi upande wa Kasese, au anayevua Ziwa Victoria, ana sababu ya mchana ya kuwaota. Kwake hawa ni wa kazini mpaka waonekane ndani ya nyumba.

Hatua ya 7: Rudi nyuma siku mbili, kisha wiki

Ndoto huokota vitu vya jana, na nyingine huokota vya siku 5 hadi 7 zilizopita. Kwa hiyo andika yaliyotokea nyumbani siku mbili kabla ya ndoto, halafu siku ya tano mpaka ya saba. Matukio, si hukumu: "Alirudi saa tano usiku, hakula." Si: "Hanijali."

Tafuta hasa maneno yaliyomezwa. Ni wakati gani ulifungua mdomo ukaufunga? Wiki ya kufungua shule, siku ya kodi ya nyumba, na siku mgeni wa ukoo anapofika, ndizo zinazojaza ukurasa huu.

Hivi ndivyo ukurasa uliojazwa unavyoonekana. Mfano ni wa mama wa Tororo mwenye watoto watatu:

"Jumanne, saa kumi na nusu alfajiri. Mbuzi yuko jikoni. Anakula unga wa posho (ugali) kwenye ndoo, kifuniko kiko chini. Nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Simfukuzi. Mtoto wa kwanza ananiangalia mimi, si mbuzi."

Mahali: jikoni. Vitenzi: anakula, nimesimama. Hisia: aibu 7, kooni. Mnyama: mbuzi wa shangazi aliyekuwa haachi kitu, hakuna mwenye muziro huo. Siku mbili nyuma: Jumatatu posho ilipungua, mama akasema ameshiba. Wiki nyuma: shemeji, mdogo wa mume, ametimiza wiki tatu akitafuta kazi.

Hatua ya 8: Andika tafsiri tatu, kata mbili

Usikubali ya kwanza. Ya kwanza karibu kila mara inamtaja mtu. Kwa mama wa Tororo zilikuwa hizi: kwanza, mbuzi ni shemeji anayetumaliza; pili, unga hautoshi na hakuna aliyehesabu; tatu, naona kinachoharibika na nimenyamaza, na mtoto anajifunza kunyamaza.

Kila moja ipitishe kwenye maswali matatu. Inaeleza kitenzi changu? Inaeleza hisia, na siyo hofu ya jumla tu? Kuna tukio la mchana, lenye tarehe, linaloiunga mkono? Ya kwanza haielezi aibu wala mwiko usiotumika. Ya pili inaeleza ndoo peke yake. Ya tatu inaeleza vyote, na ya pili inabaki kuwa kazi ya kufanya.

Kisha ngoja. Ndoto moja haitoshi hata kama ilikutoa jasho. Katika siku 14, tafuta angalau ndoto 3 zinazogusa chumba kilekile au kitenzi kilekile, hata kama wanyama ni tofauti. Mbuzi jikoni, halafu siafu kwenye sufuria, halafu paka ameketi juu ya jiko: jambo liko jikoni. Zikiwa chini ya 3, ongeza siku 7. Zisipojitokeza, acha.

Hatua ya 9: Peleka jambo mezani, ndoto ibaki daftarini

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote. Mtu amefanya kazi nzuri siku 14, halafu anafungua mazungumzo kwa "Nimekuota ukiwa nyoka." Mazungumzo yamekufa hapo. Ndoto si ushahidi dhidi ya mtu, na Uganda tunajua tuhuma za uchawi zinakoishia: kikongwe kuchomewa nyumba, au mtoto wa kambo kufukuzwa. Usimtaje mtu kwa kutumia ndoto, si kwa mume, si kwa mchungaji, si kwenye mkutano wa kijiji.

Hata Yusuf alipoelezwa ng'ombe saba wanono walioliwa na saba waliokonda, hakumtafuta aliyewakondesha. Alitoa mpango wa ghala wa miaka 7.

Fanya hivi:

Chagua saa. Si usiku wa manane, si watu wakiwa na njaa, na si mbele ya watoto wala mgeni. Baada ya chakula cha Jumapili mchana kunafaa nyumba nyingi.

Sema tukio, idadi na ombi, kwa sentensi tatu. Mama yule hakusema "ndugu yako anatumaliza". Maneno yalikuwa haya: "Baba Okello, kilo 10 za unga zilikuwa zinavuka wiki. Sasa zinaisha siku ya tano. Naomba tupange." Shemeji hakutajwa, na mume mwenyewe ndiye aliyemtaja.

Weka dakika 20. Zikiisha, mkubaliane siku ya kuendelea. Msuguano wa miezi sita hauishi kwa kikao kimoja.

Mambo ya chumbani yakishindikana, wapo waliowekwa kwa kazi hiyo: senga (shangazi) kwa Baganda, wazee wa pande zote mbili, sheikh au mchungaji. Mpelekee jambo, usimpelekee mnyama. Senga mwenye busara atauliza mwenyewe usingizi ukoje.

Kwa watoto

Watoto huota wanyama zaidi kuliko watu wazima, hivyo fisi mmoja wa mtoto wa miaka mitano hana maana ya kukukosesha usingizi. Mpe karatasi achore. Uliza: "Huyu anafanya nini?" na "Wewe uko wapi hapa?" Usiulize "Huyu ni nani?", maana mtoto atakupa jina ili akufurahishe. Angalia kama mnyama anatokea siku za kelele za wakubwa. Watoto husikia kupitia pazia kila kitu, hasa mnachosema kwa sauti ya chini.

Ndoto zikija pamoja na kukojoa kitandani kulikokuwa kumekoma, kukataa kubaki na mtu fulani, au michubuko, funga daftari urudi kwenye aya ya mwanzo kuhusu 116.

Ikikwama

*Sikumbuki ndoto yoyote.* Unaamshwa kwa kishindo. Jaribu kuamka dakika 15 kabla ya kengele, siku isiyo ya kazi. Andika hata neno moja au rangi. Kwa wengi kumbukumbu huanza kurudi wiki ya kwanza haijaisha. Anayelala kwa muda wa saa tano tu anakosa mizunguko ile ya alfajiri, hakuna ujanja hapo.

*Ndoto ileile inarudi na inanitesa.* Mchana, iandike upya na ubadilishe mwisho utakavyo: mlango unafungika, ng'ombe anageuka malishoni. Usimuue mnyama kwa ukatili, badilisha tu njia. Pitia toleo jipya kichwani dakika 10 hadi 20 kila siku. Njia hii hutumiwa na wataalamu wa ndoto za kutisha na huchukua wiki kadhaa. Kama ndoto zilianza baada ya vita, ajali au kubakwa, usifanye peke yako: anzia kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuelekeza kwenye huduma ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili.

*Naamka siwezi kusogea na kuna mnyama kifuani.* Hilo ni jinamizi: akili imeamka, mwili bado umefungwa na usingizi. Hupita ndani ya dakika chache. Sogeza kidole kimoja cha mguu, vuta pumzi polepole. Hutokea zaidi kwa anayelala chali na aliyekosa usingizi. Usilihesabu kwenye zile 3.

*Mwenzangu anapiga ngumi na mateke akiota.* Hasa kama ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 50: ondoa vitu vigumu karibu na kitanda na mpeleke kwa daktari. Tafsiri isubiri.

*Nimeota mnyama amekufa, au ameua mtu wa nyumbani.* Sio taarifa ya msiba. Angalia hisia: kama ni huzuni, huenda kuna kitu kimekoma nyumbani, kama mazoea ya kula pamoja. Kama ni nafuu, kuwa mkweli daftarini. Usimpigie simu ndugu saa kumi alfajiri kumwambia.

*Mwenzangu anasema hakuna tatizo.* Inawezekana. Rudi hatua ya 8 uangalie kama tarehe zako za mchana zipo kweli. Zikiwepo, peleka dogo linalopimika, kama unga au saa ya kurudi, uache kubwa.

*Nyumbani kuna amani, lakini wanyama hawaishi.* Angalia kazini, sako (chama cha akiba na mikopo) unayodaiwa, mwenye nyumba, mpaka wa shamba. Chora ramani ya pili: ya duka, ofisi au steji ya boda. Mnyama ataingia mahali pake.

*Ndoto zimekoma ghafla katikati ya siku 14.* Usianze upya. Endelea kuandika saa ya kulala na saa ya kuamka tu kwa siku 7. Mara nyingi utakuta ratiba ya usingizi imebadilika, au kuna siku mlizungumza jambo fulani bila kupanga. Kama ni hiyo ya pili, andika mlisema nini, na nani alianza.